Tumbaku Inamfikia Mtoto Kabla Hajapewa Jina

(Hotuba kwa wazazi na vijana, Ngamiani, Tanga. Imeandikwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu, hamjambo. Na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, nawaona. Sogeeni mbele. Leo mna fungu lenu, tena kubwa kuliko la wazee.

Wengi mnanijua. Mimi ni mkunga mstaafu. Humu ndani wamo watu niliowapokea kwa mikono yangu hii na leo wana ndevu zao. Kwa hiyo nikisema neno kali mnivumilie, kama mnavyomvumilia shangazi yenu.

Nimeombwa nizungumzie tumbaku. Nilipoambiwa nikauliza, je, nizungumzie kifua na saratani? Maana hayo mmeshayasikia. Kila paketi ya sigara ina onyo lake, na kila mvutaji anajua kulisoma huku anatafuta kiberiti. Nikaona leo tuyaache mapafu, tupande juu kidogo, twende kichwani. Tuzungumze kuhusu ubongo. Ubongo wa nani? Wa mtoto ambaye hajawahi kushika sigara maishani mwake, na wa kijana aliyeishika juzi.

Ndani ya tumbaku mna kitu kinaitwa nikotini. Hiyo ndiyo inayomrudisha mtu dukani. Ukivuta, inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 tu. Ukitafuna au ukinusa inachelewa kidogo, lakini njia ni ileile, kwa damu. Sasa ikifika kule inafanya nini?

Mwaka 1905, Uingereza, kulikuwa na mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cambridge akiitwa John Newport Langley. Alikuwa akichunguza misuli ya kuku. Alitaka kujua: dawa inayoukunja msuli, inagusa mshipa wa fahamu unaoleta amri, au inagusa nyama yenyewe? Akaukata ule mshipa, akaacha mpaka ukafa kabisa. Kisha akatia nikotini. Msuli ukajikunja vilevile! Akatia kurare, ile sumu ambayo wawindaji wa Amerika Kusini hupaka kwenye mishale, msuli ukalegea. Langley akasema, basi kwenye nyama yenyewe kuna kitu kinachopokea. Leo tunaviita vipokezi. Na nikotini, mama zangu, ndiyo iliyosaidia kuvigundua.

Lakini Mungu hakuviweka vipokezi hivyo kwa ajili ya tumbaku. Mwili una mjumbe wake, anaitwa asetilikolini, ndiye mwenye vipokezi hivyo. Kwa mtu mzima mjumbe huyu anafanya kazi ya misuli, ya umakini na ya kumbukumbu. Kwa mtoto aliye tumboni ana kazi nyingine kubwa zaidi. Waliofanya kazi mashamba ya mkonge, au wazazi wao walifanya, na hapa Tanga ni nani asiye na mtu wa mkonge, wanamjua nyapara. Nyapara ndiye anayesema hawa wakate, hawa wabebe, hawa wasimame. Asetilikolini ndiye nyapara wa ubongo unaojengwa. Anaiambia chembe hii iache kugawanyika, ile ihamie kule, hii iungane na ile. Nikotini ni mtu wa nje aliyevaa kofia ya nyapara. Anatoa amri saa ambayo siyo, kwa watu ambao sio, tena haondoki upesi kama anavyoondoka nyapara wa kweli.

Na shamba hilo linafunguliwa lini? Mapema mno. Vipokezi hivi vimekwisha kuonekana kwenye ubongo wa mtoto ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Miezi mitatu! Wangapi hapa huja kliniki kabla ya miezi mitatu? Wangapi huwa wameshamwambia hata mama mzazi?

Wengine hudhani kondo la nyuma ni chujio. Kwa nikotini si chujio. Inapita moja kwa moja, na kiasi kinachokutwa upande wa mtoto kinaweza kuwa juu kuliko kilichomo kwenye damu ya mama mwenyewe. Mama akivuta moja, mtoto naye ameshapata yake.

Nasikia mnanong'ona: "Wanawake wa Tanga hawavuti." Ni kweli, mwanamke wa kwetu kuonekana na sigara barazani si jambo la kila siku. Basi niwape kisa.

Alikuja mama mmoja kliniki, mimba yake ya tatu. Mtu msafi, anaswali, kanga zake zimepigwa pasi. Kwenye kadi yake panapoulizwa kuvuta sigara pameandikwa hapana, na ni kweli, hakuwahi kuvuta. Tukiwa tunasubiri vipimo, akafungua pindo la kanga. Akatoa jani la tambuu, akalipangusa kwa kidole gumba. Akapaka chokaa. Akaweka popoo iliyokatwa vizuri. Halafu, kutoka kwenye karatasi ndogo iliyokunjwa mara nyingi, akatoa tumbaku, akabana kidogo kwa ncha za vidole, akatia, akakunja, akaweka shavuni. Nikamuuliza, mama, na hiyo? Akanicheka. "Mkunga nawe! Hii si sigara. Hii inanitoa kichefuchefu." Yule mama alikuwa mkweli kabisa. Aliulizwa kuhusu moshi, akajibu kuhusu moshi.

Na bibi zetu wa ugoro je? Na wale wanaosema ugoro unafungua kichwa? Wapendwa, nikotini haina haja ya moshi. Sweden wana tumbaku yao inayoitwa snus, unaibana chini ya mdomo wa juu, hakuna moto, hakuna moshi, hakuna harufu ya kumkera jirani. Watafiti wa kule waliwaangalia wajawazito waliokuwa wakitumia snus. Wakakuta kuzaa kabla ya wakati kumeongezeka, watoto kufia tumboni kumeongezeka, na vichanga wanaokatika pumzi kwa muda baada ya kuzaliwa wameongezeka. Moshi haukuwepo, mama zangu. Ni tumbaku tu, imekaa kimya mdomoni.

Hilo la pumzi nalikazia. Kichanga akilala na hewa ikapungua, sehemu ya chini ya ubongo inapaswa kumshtua: agutuke, alie, ageuze kichwa. Kwa wanyama waliopata nikotini wakiwa tumboni, kushtuka huko huchelewa au huwa hafifu. Na kwa binadamu inajulikana siku nyingi kwamba mama akivuta akiwa mjamzito, hatari ya kile kifo cha ghafla cha kichanga usingizini hupanda. Sisi tukilikuta jambo hilo asubuhi tunasema mama amemlalia mtoto. Mama wa watu anabeba lawama yeye peke yake, na baba aliyekuwa akivuta kitandani hakuna anayemtaja.

Na mtoto akishazaliwa? Nikotini inapenda maziwa. Kwenye maziwa ya mama inaweza kuwa karibu mara tatu ya iliyomo kwenye damu yake. Nani hapa hajawahi kuambiwa mtoto wake ana zongo? Halali, analia, anajinyonganyonga, bibi anasema kuna mtu amemtia jicho, hirizi inatafutwa usiku uleule. Sikatai dua, na tumbo la mtoto lina sababu nyingi za kuuma. Ila mwaka 2007 watafiti wa Philadelphia, Marekani, waliwapima akina mama wavutaji wanaonyonyesha pamoja na watoto wao. Siku mama aliyovuta, mtoto alilala dakika 53 katika saa tatu na nusu. Siku aliyojizuia, mtoto yuleyule alilala dakika 84. Mtoto ni yuleyule na ziwa ni lilelile.

Sasa msiache kunyonyesha kwa sababu yangu! Nawajua, mtatoka hapa mseme mkunga kakataza ziwa. Maziwa ya mama yanabaki kuwa bora, hata kwa mama ambaye bado hajaweza kuacha. Kama imekushinda kabisa, basi iwe baada ya kunyonyesha, siyo kabla, ili mwili upate nafasi ya kuipunguza.

Nakuja kwenye swali ambalo mtu mwenye akili lazima aniulize. Utajuaje kwamba ni nikotini? Mama anayevuta huenda ana dhiki. Huenda baba yake alikuwa mkorofi, na huyu mtoto amerithi ukorofi wa babu. Swali zuri. Tena ni zuri kuliko majibu ya wengi wanaotutisha.

Wafini, watu wa Finland, walilijibu kwa namna ninayoipenda sana. Kuanzia mwaka 1983 walihifadhi kiasi kidogo cha damu ya wajawazito wa nchi yao, takriban wote. Miaka ikapita, watoto wakakua, wengine wakaja kuandikiwa na madaktari ule upungufu wa umakini, mtoto hatulii, hamalizi jambo, anadandia maneno. Watafiti wakarudi kwenye majokofu. Wakachukua damu za mama wa watoto zaidi ya 1,000 wenye tatizo hilo, na za mama wa watoto wengine idadi ileile wasio nalo, wakapima kotinini, yaani kile ambacho mwili huigeuza nikotini kuwa. Hakuna kumuuliza mama ulivuta au hukuvuta, maana hapo tunajua majibu. Damu ikasema. Waliokuwa na kotinini nyingi kabisa, uwezekano wa watoto wao kuwa na tatizo hilo ulikuwa zaidi ya maradufu. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2019.

Ila nikiwaacha hapo nitakuwa nimewadanganya kwa nusu ya kweli. Wapo watafiti wengine, Sweden na Norway, waliowalinganisha ndugu wa tumbo moja: mimba hii mama alivuta, mimba ile hakuvuta. Walipofanya hivyo, tofauti ya umakini kati ya ndugu ikapungua sana. Maana yake nini? Maana yake sehemu ya tatizo imo kwenye damu ya ukoo na maisha ya nyumbani, si tumbaku peke yake. Kwa hiyo mtu akikwambia kila mtoto mtukutu mama yake alivuta, mwambie akae chini.

Hapo ndipo panya wanapotusaidia. Panya hana madeni, wala mawifi. Miaka ya 1980, huko North Carolina, Theodore Slotkin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke waliweka pampu ndogo chini ya ngozi ya panya wenye mimba. Pampu ikawa inatoa nikotini polepole, mchana na usiku. Hakuna moshi, hakuna njaa, hakuna kukosa hewa. Watoto wa panya wakazaliwa na uzito wao wa kawaida, ukiwatazama hawana kasoro. Walipopima ubongo wakakuta chembe zimepungua, na mawasiliano kati ya chembe hayakwenda inavyotakiwa. Hasara nyingine zilikuja kujitokeza baadaye, wakati wanapevuka. (Mnajua chuo hicho kimepewa jina la ukoo gani? Ukoo uliotajirika kwa tumbaku. Dunia ina mambo.)

Mtoto aliyezaliwa na kilo tatu na nusu, tukampongeza mama, tukala kashata, huenda bado kuna jambo halikukaa sawa ndani ambalo mizani haikuliona. Hilo ndilo linalonifanya nisimame hapa. Uzito mdogo tunauona. Ubongo hatuuoni mpaka yuko darasa la tatu.

Haya. Vijana. Mmesogea? Bado yule mwenye kofia nyekundu. Sogea, baba.

Mnafikiri mkishazaliwa mmevuka. Hamjavuka. Ubongo wa binadamu unaendelea kujengwa mpaka karibu miaka 25, na sehemu ya mwisho kukamilika ni hii ya mbele, nyuma ya paji la uso. Hii ndiyo inayokwambia subiri, fikiri kwanza, usimrudishie mwalimu jibu hilo. Na hii nayo ina vipokezi vilevile, bado vinaendelea na kazi.

Watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, walichukua panya wa rika lenu, rika la kubalehe, wakawapa nikotini kwa siku chache tu. Halafu wakaacha. Wakawasubiri wakawa watu wazima, nikotini imeshatoka mwilini zamani. Wakawafundisha mchezo: kuna matundu matano, taa inawaka kwenye tundu moja kwa muda mfupi, panya aende palepale apate chakula. Panya waliopewa nikotini ujanani wakawa wanakosea tundu, na wanarukia kabla taa haijawaka. Wakachukua panya wengine, hawa walipewa nikotini kiasi kilekile lakini ukubwani. Hao hawakupata tatizo hilo. Dawa ni ileile, kiasi ni kilekile, umri tu ndio uliokuwa tofauti. Ilikuwa mwaka 2011. Na walipoangalia ile sehemu ya mbele ya ubongo wakaona badiliko lenyewe mahali chembe zinapokutana.

Kurukia kabla taa haijawaka. Nani anamjua kijana wa namna hiyo? Wasionyeshwe kidole, nauliza tu.

Na sisi wazazi tunawafunza wenyewe. Babu amekaa kibarazani, anamwita mjukuu wa miaka minane: "Nenda kaninunulie sigara mbili, moja niwashie." Mtoto anakwenda gengeni, anauziwa moja moja, anapita jikoni, anainama kwenye kaa la moto. Sigara haiwaki bila kuvutwa, au inawaka? Anavuta, anakohoa, anampelekea babu, babu anasema mtoto huyu ana adabu. Hayo ndiyo mafunzo ya kwanza. Uchunguzi wa Marekani umeonyesha kwamba karibu watu 9 kati ya 10 wanaovuta kila siku ukubwani waliionja kabla ya miaka 18. Kampuni za tumbaku zinalijua hilo kuliko sisi.

Ndugu zangu wenye maduka na magenge, sheria ya nchi hii ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Hata akisema ametumwa na babu. Hasa akisema ametumwa na babu.

Shisha na hizi sigara za umeme zenye harufu ya embe na stroberi, sitazikalia sana. Utamu wa harufu hauigeuzi nikotini kuwa kitu kingine, na nyingine zinabeba nyingi.

Neno kwa akina baba, nalo ni fupi. Mwaka 2018 watafiti wa Florida waliwapa panya dume maji yenye nikotini, wakawaacha wazae na majike ambayo hayakuguswa. Watoto wao wakawa wakipata shida ya kubadilika pale kanuni ya mchezo inapobadilishwa. Ni panya, sisemi zaidi ya hapo. Ila tumezoea kumwangalia mama peke yake, na mimi nimechoka. Mjamzito akiniambia anataka kuacha, swali langu la kwanza ni nani mwingine anavuta nyumbani kwake. Mwanamke hawezi kuacha huku anaamshwa na harufu ya sigara alfajiri.

Na kuacha kunafaa. Mjamzito akiacha kabla ya wiki ya 15, utafiti wa New Zealand na Australia ulionyesha kwamba hatari ya kuzaa kabla ya wakati, au kuzaa mtoto mdogo, ilirudi kuwa kama ya asiyevuta. Wiki 15 ni karibu miezi mitatu na nusu. Ndiyo maana nawasihi muwahi kliniki, tena mkifika msingoje kuulizwa. Semeni: nakula tambuu ya tumbaku. Nanusa ugoro. Mume wangu anavuta chumbani. Hakuna atakayekupiga.

Nimemaliza yangu, tuchukue maswali.

(Aliuliza bibi mmoja: amenusa ugoro kwa mimba zote saba na watoto wote wamesoma, mmoja ni mhasibu. Mbona?)

Alhamdulillahi, bibi, na hongera. Tunazungumzia uwezekano kupanda, siyo hukumu. Wapo watu wanaovuka barabara ya Pongwe bila kuangalia na wanafika. Mjukuu wako akiniuliza avukeje, nitamwambia aangalie.

(Aliuliza mama mmoja kwa sauti ya chini: alivuta akiwa na mimba ya mwanawe, mtoto sasa ana miaka tisa, hatulii darasani. Je, amemharibu?)

Hapana, mwanangu. Hakuna daktari duniani anayeweza kumtazama mtoto mmoja akasema hili limetokana na sigara za mama yake. Umesikia habari za wale ndugu wa tumbo moja; sababu ni nyingi. Na ubongo wa miaka tisa bado uko kwenye ujenzi. Asubuhi ya Jumatatu mlete, nitakwenda nanyi kwa daktari wa watoto. Tutaanza na masikio na macho, maana mtoto asiyesikia vizuri naye huitwa mtukutu. Halafu tutazungumza na mwalimu wake, wewe na mimi. Na baba yake aje pia, kama yupo mjini.